Waliokuona Ukiletwa

Kasulu,
mvua za kwanza, 2013

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na namwomba Mola barua hii ikukute umeketi barazani, mguu umetulia na uvimbe umeshuka. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Kassimu inakusaidia, au umeishia kumpa jirani kama kawaida yako? Na minazi ya nyuma ya nyumba imeacha kudondosha vidaka? Huku nikikuta nazi sokoni Kasulu mjini, kavu, imesafiri hata maji yake yamekwisha, huishika na kuitikisa sikioni, kisha nairudisha. Mwenye duka kwao ni Pangani, na ananicheka kila mara.

Barua hii isome mwenyewe, mama. Usimpe Kassimu akusomee kwa sauti pale nje. Nimeandika herufi kubwa kubwa, kama zile za darasa lenu la ngumbaru, ili usihitaji macho ya mtu mwingine. Simu nimeishika mara nyingi nikuambie jambo hili, na kila mara nikaishia kukuuliza habari za nazi na mvua. Kwenye simu nasikia unavyopumua, na ulimi wangu unagoma.

Nilitaje jambo lenyewe mapema, usije ukadhani naumwa au nimeposwa kwa siri. Kuna bibi mmoja huku kijijini alikaribia kuondolewa nyumbani kwake na kupelekwa ng'ambo ya mpaka, na aliyemponza ni mimi. Kisha nilipoitwa kusema neno moja la kumsaidia, sikulisema, na badala yake nikakukana wewe.

Sasa nianze mwanzo. Unajua nilianzia Kibondo, kule Murungu, nikahamishiwa huku upande wa Munanila, ambako watu wengi bado wanasema Kasulu ingawa wilaya imeshagawanywa. Ukipanda mlima wa nyuma ya shule unaiona Burundi. Unaona migomba kama ya huku, maharage kama ya huku, na moshi wa jikoni unaopanda kama wa huku. Mara ya kwanza nilimwuliza mwanafunzi mpaka uko wapi, akanyoosha kidole, akakisogeza kidogo kushoto, akakisogeza tena kulia, halafu akasema uko pale pale tu. Nilicheka. Nilipaswa kulikumbuka jibu hilo kuliko nilivyolicheka.

Baridi nimeizoea. Nakula ugali wa muhogo na maharage, na siku nzuri migebuka iliyopandishwa kutoka ziwani. Salamu za Waha nazo nimejifunza, na hizo ungezipenda. Mtu mdogo hapiti tu mbele ya mkubwa na kutupa neno. Anainama, anapiga makofi taratibu, anaulizwa na anajibu, na haraka yako yote inangoja. Mimi nikisema "Mwakeye" wanawake wanaangua kicheko, maana wanasema naivuta mwishoni kama nauza samaki. Lakini kila mmoja ananijibu.

Kiha chenyewe sikijui. Nasikia kinapita masikioni, na nikimsikia Mrundi akisema naye anapita vile vile. Wenyewe wanatofautisha kwa neno moja, kwa mvuto mmoja wa sauti, kama wewe unavyomjua Mdigo wa Duga na Mdigo wa ng'ambo kabla hajamaliza kusalimia. Mimi mgeni sina sikio hilo, na sikujua kwamba ni sikio lenye hatari.

Maana mwaka huu hali ilikuwa si ya kawaida. Kambi kubwa ya wakimbizi iliyokuwa huku ilifungwa, wengi wakarudishwa kwao. Halafu ikaja amri ya kuwatafuta wanaoishi bila vibali. Watu wakaanza kupunguza sauti sokoni. Majirani waliokuwa wakitaniana, "wewe Mrundi wewe," wakaacha utani huo. Mimi niliyasikia haya kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine, kwa sababu nilikuwa na darasa langu na darasa langu lilikuwa limeanza kunoga.

Nikueleze nilichokuwa nafundisha, kwa sababu uliwahi kuniuliza Kiingereza kina nini hata kimlishe mtu. Kidato cha Pili tulifika kwenye vitenzi vya kuona, kusikia, kunusa na kuhisi, na namna ya kusema ulimwona mtu *akifanya* jambo. Sisi tuna ki yetu ya kutosha: nilimwona akivuka, nilimsikia akiita. Waingereza wana njia mbili. Wakilipa neno la pili, lile la tendo lenyewe, mkia wake wa -ing, maana yake umemkuta mtu katikati ya tendo. Umemwona akivuka mto, maji yamemfika magotini, lakini pengine hukuona alikotokea wala kama alifika. Wakiliacha neno bila mkia, basi umemwona tangu ukingo huu hadi ule. Niliwachorea mto ubaoni, na mtu mwenye fimbo na mzigo kichwani. Walielewa haraka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha, mama. Watoto wa huku wanaujua mto.

Tatizo lilikuwa sentensi. Kitabu kinatoa mifano ya mtu aliyemwona tarishi akigonga mlango, na mwingine aliyesikia treni ikiwasili. Nani huku kagongewa mlango na tarishi? Wakawa wananakili tu. Basi nikawaambia wafunge vitabu, kila mmoja anipe jambo aliloliona au kulisikia kwao, asubuhi ile ile kabla ya kuja shule. Nikawaambia sitaki sentensi ya uongo. Yakaja mambo, mama. Mmoja alimwona baba yake akishona kiatu kwa uzi wa nyavu. Mwingine alinusa uji ukiungua na akajua dada yake analia. Nilikuwa nikitoka darasani natabasamu peke yangu. Kila Ijumaa sentensi iliyozidi zote niliiandika kwa chaki ya rangi kwenye ubao wa nje, ule unaotazamana na lango, pamoja na jina la aliyeitunga.

Wiki hiyo aliyezidi wote alikuwa Leokadia. Ni binti mwembamba, mkimya, analelewa na bibi yake, mama wa marehemu baba yake. Alisimama, akashika kingo za dawati, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "I heard my grandmother singing in Kirundi." Yaani alimsikia bibi yake akiimba Kirundi. Darasa likanyamaza. Mimi nikadhani wamenyamaza kwa kuvutiwa. Nikampigia makofi, nao wakapiga, lakini polepole.

Nikaiandika nje, na jina lake chini yake.

Mwalimu Bukuru, anayefundisha jiografia, mzaliwa wa huku huku, alisimama mbele ya ule ubao kwa muda. Kisha akanifuata ofisini akafunga mlango. "Madam," akaniambia, "ile sentensi ifute. Andika nyingine."

Nilimwuliza ina kosa gani. Akasema haina kosa. Akasema ifute tu, kesho ni siku ya wazazi na kuna wageni. Mama, ungejua nilivyomwelewa. Nilidhani ni wivu, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa amenisifia kwenye kikao na yeye hakusifiwa. Nikamjibu kwa adabu ya kebehi kwamba wageni ndio hasa nawatarajia waisome. Alinitazama, akafungua mlango, akatoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila huku guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku ya wazazi walikuja watu wengi. Alikuja mtendaji wa kijiji, na pamoja naye bwana mmoja mwenye miwani aliyetoka wilayani. Mkuu wa shule akawapitisha kwenye ubao. Yule bwana akasoma kwa sauti, akacheka kwa kuburudika, akauliza huyu Leokadia ni yupi. Na mimi, mwanao, uliyenifundisha kutomtaja mtu kwa jina mbele ya mgeni mpaka mgeni amesema shida yake, nikaenda nikamtoa mtoto kwenye mstari. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia amsomee mgeni. Nilihisi bega lake likitetemeka chini ya kiganja changu, nikadhani ni haya ya msichana. Akasoma. Yule bwana akamwuliza kwa Kiswahili bibi yake anaitwa nani na nyumba yao iko wapi, naye akajibu kwa sababu mwalimu wake alikuwa amemshika.

Nyuma ya wazazi, bibi mwenyewe alikuwa amesimama na kitenge chake kizuri. Hajui Kiingereza. Alipoona mjukuu wake ameitwa mbele, alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu Leokadia hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Mwalimu Bukuru ndiye aliyeniambia, bila kunitazama, kwamba bibi yake ameitwa ofisi ya kijiji aeleze yeye ni wa wapi, na asipoonyesha uthibitisho atasafirishwa. Nikamwuliza, kwani ni Mrundi? Akasema bibi yule alizaliwa upande wa pili, kila mtu anajua, aliolewa huku akiwa msichana, na hapajawahi kuwa na mtu wa kuuliza. Akaniambia nusu ya nyumba za huku zina mwanamke wa namna hiyo. Hakuniambia "nilikwambia." Ningependa angesema.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

Kisha nikaitwa na mimi. Nilimkuta bibi amekaa kwenye benchi la ukutani, miguu haigusi chini vizuri, mikono mapajani. Anaitwa Bibi Anastazia. Nikamsalimia, akanijibu salamu yote, hakupunguza hata kipande. Yule bwana wa miwani alikuwa nyuma ya meza na mtendaji pembeni. Hakunikaripia wala kunitisha. Nataka ulijue hilo, mama, usije ukanitafutia udhuru. Alinikaribisha kiti, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wewe mwenyewe umemsikia huyu mama akisema Kirundi?"

Jibu lilikuwepo, na lilikuwa jepesi. Sijamsikia. Sijawahi kufika kwake. Hata ningemsikia nisingejua kama ni Kirundi au Kiha, maana sikio sina. Nilichosikia ni mtoto akitunga sentensi niliyomwomba mimi. Ningesema hivyo tu. Badala yake nikasema, "Mjukuu wake ndivyo alivyosema." Nikamtupia mtoto mzigo wote, nikakunja mikono.

Bwana akaitikia kwa kichwa. Halafu akanitazama vizuri. "Na wewe lafudhi yako ya pwani. Wapi hasa?"

Nikasema Tanga, wilaya ya Mkinga. Akasema, "Aa, Horohoro kule. Na nyie mko mpakani." Alitabasamu, mama. Sidhani hata kama lilikuwa swali. Alikuwa anaongeza maneno tu. "Wazazi wako wote wa hapo?"

Nikasema ndiyo. Wote wa hapo, baba na mama, tangu mababu.

Wewe uliyezaliwa Lunga Lunga. Wewe ambaye ndugu zako wote wako ng'ambo, ambaye tulipokuwa wadogo ulitupeleka kwa mjomba tukivuka kwa kijia cha kwenye mihogo, na tulidhani Kenya ni shamba la mjomba. Nilikung'oa huko kwa neno moja, nikakupanda Duga, mbele ya mwanamke aliyekuwa ameketi benchini kwa kosa la kuwa kama wewe. Tena nililisema haraka, kwa sauti nzuri, sauti yangu ya darasani. Yule bwana akasema asante mwalimu. Nikatoka, nikapita mbele ya bibi, nikashindwa kumuaga.

Nilirudi nyumbani nikalala na nguo zangu. Sikulia. Nilikuwa najiuliza niliogopa nini, na mpaka leo sijapata jibu la maana. Kazi yangu isingepotea. Hakuna ambaye angekuja kukutafuta Duga. Niliogopa tu kukaa kwenye lile benchi, hata kwa muda wa kujibu swali moja.

Baraza liliitishwa siku chache baadaye, kwenye uwanja wa ghala la kijiji, maana bibi hakuwa na karatasi yoyote, na mtendaji akasema wazee watoe ushahidi. Nilikwenda. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitasimama na kusema kweli yote. Watu walikuwa wengi, na mvua ilikuwa imenyesha, wamesimama kwenye tope jekundu wakihamisha mguu. Leokadia alikuwa nyuma ya bibi yake, akiushika mkia wa kitenge chake kama mtoto mdogo.

Nilitegemea hotuba. Haikuwepo hotuba. Mzee mmoja alisimama, akasema alimwona akiletwa, amebebwa kwenye machela ya bibi harusi, na yeye alikuwa mmoja wa vijana waliopokezana kumbeba kutoka mtoni, na alikuwa mzito. Watu wakacheka kidogo. Bibi mmoja kipofu akainuliwa na wajukuu zake, akasema alimsikia akilia kwa uchungu wa mtoto wa kwanza, na akaenda kumpokea mtoto huyo kwa mikono yake. Mwingine alimwona akimzika mumewe. Mwingine alimwona akipanda migomba ile ya nyuma, ambayo sasa ni kichaka.

Wa mwisho alikuwa mzee Mikaeli, ambaye kila mtu anajua amegombana na Bibi Anastazia miaka nenda miaka rudi juu ya mpaka wa shamba. Aliposimama watu wakashika vichwa. Yeye akamnyooshea bibi fimbo. "Huyu," akasema, "nimemwona kwa macho yangu akisogeza mawe ya mpaka wangu. Siyo mara moja. Na nilipomkemea alinitukana mimi na baba yangu. Sasa niwaulize, ni mgeni gani mwenye kiburi hicho? Huyu ni wa hapa."

Kicheko kilichopanda pale, mama, hata mtendaji alifunika mdomo. Bwana wa miwani akaandika, akafunga kalamu.

Hapo ndipo mimi nikasimama. Nikasema mimi ndiye mwalimu niliyeandika yale maneno ubaoni, na kwamba sijawahi kumsikia bibi huyu akiimba lugha yoyote. Nilikuwa najiandaa kuendelea, nikutaje wewe. Mtendaji akaniinulia kiganja, siyo kwa ubaya. "Keti mwalimu. Limeshakwisha."

Watu walikuwa tayari wanamzunguka bibi, wanampigia makofi ya salamu, wanawake wanapiga vigelegele. Ukweli wangu ulifika sokoni soko limevunjika. Nikabaki nimesimama peke yangu na sentensi yangu mdomoni, halafu nikaenda zangu.

Ilinichukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kwenda kwake. Nilibeba sukari na sabuni, nikapiga goti kabisa kama wanavyopiga wao. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuniinua upesi. Aliniacha pale chini mpaka alipomaliza fungu lililokuwa mbele yake, kisha akanisogezea kigoda na ungo wa pili, nami nikachambua. Nilitegea sikio kama ataimba, hakuimba. Nikamwomba msamaha. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchaguachagua, kwamba amenisikia. Hakusema amenisamehe.

Baada ya muda akaniuliza, "Mama yako yupo?"

Nikasema yupo.

"Anaimba?"

Nikasema anaimba sana, akikuna nazi. Akauliza kwa lugha gani, nikasema Kidigo. Akauliza Kidigo ni cha wapi. Nikamwambia ni cha pande zote mbili za mpaka wetu. Hapo akaacha maharage. Bibi huyu si mtu wa kuzungushwa, mama. Akaniuliza moja kwa moja, mama yako wa upande gani. Nikamwambia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia mtu huku.

Nakumbuka kuku alikuja kudonoa chini ya ungo wake, asimfukuze. Kisha akasema, "Ego," yaani ndiyo. "Kumbe siku ile kwenye benchi tulikuwa wawili, mimi na mama yako."

Akarudi kwenye maharage yake. Nilichambua mpaka tukamaliza, akanipa kiasi kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu kwao mtu aliyekusaidia kazi haondoki mikono mitupu. Nimeyapika, mama, na yamenishinda kumeza.

Leokadia amerudi shuleni. Jumatatu nilirudi kwenye somo lile lile, maana mtihani unakuja na mtihani haujali. Ubao wa nje nimeufuta na sitauandika tena. Nikawaambia kama zamani, kila mmoja anipe aliloliona au kulisikia. Wa kwanza akasimama, akasema alimwona mbwa akikimbia. Wa pili alimsikia mbwa akibweka. Wa tatu alimwona mbwa akinywa maji. Nilidhani ni mzaha, nikawatazama usoni, hakuna aliyekuwa akicheka. Dawati baada ya dawati, mbwa akikimbia, mbwa akilala, mbwa akivuka barabara. Huku kijijini mbwa ni wachache sana. Ikafika zamu ya Leokadia. Akasimama, akasema alimwona mbwa akila mfupa, akaketi. Hakuna aliyekosea, mama. Mikia yote ilikuwa mahali pake. Niliwapa wote alama, nikatoka nje nikasimama nyuma ya vyoo mpaka kengele ilipogongwa.

Basi ndilo hilo. Sikuandikii ili unitulize. Nakujua wewe, utasema mwanangu yamepita, kula, lala. Usiniambie hivyo safari hii. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Nakuomba radhi kwa kukukana, na nakuomba unipe ruhusa kwamba mtu akiniuliza tena nitakutaja ulikozaliwa, kwa jina la kijiji.

Nisalimie Kassimu na mkewe, na watoto wao mmoja mmoja. Nisalimie mjomba Juma wa Lunga Lunga, ukienda, na umpe pole ya macho. Mwalimu wangu wa madrasa mwambie sala siziachi. Nisalimie jirani yetu mzee Hamisi, na mgomvi wako wa kisimani, yule mama Saumu, naye msalimie kwa moyo wote, usinune.

Na shangazi Mwanasiti ukimpelekea salamu zangu, kaa naye kitako. Nimejaribu kuwahesabu mashahidi wako, kama wale wa Bibi Anastazia, usiku na mchana, na siwajui, mimi mwanao niliyesoma. Baba hayupo, bibi mzaa baba hayupo. Muulize shangazi, mama, halafu uniandikie majina yao: nani alikuona ukiletwa? Na wangapi wao bado wako hai?

Mwanao,
Mwanahamisi